Shangazi wa Mwanangu Mwenyewe

Mama na kaka yake wana karakana ya makochi. Kaka mtu anapiga randa fremu, Mama anavisha vitambaa. Siku hiyo Mama alikuwa amepiga magoti, misumari mdomoni, binti yake alipoingia analia. Chuo cha uuguzi kimemkataa. Ati si raia.

"Nimezaliwa hapa, Mama! Mbona watoto wa Mjomba ni raia, na mama yao ni mgeni?"

Mjomba alioa mgeni, watoto wake wakapewa uraia bila swali. Mama aliolewa na mgeni, mwoka mikate mpole, mtoto akaambiwa amfuate baba. Huu ni uonevu, na tuuite hivyo.

Mjomba akaweka randa chini. "Dada, usihangaike. Tumwandikishe kama mwanangu. Yaishe."

Mama akatema misumari. "Wako? Na mimi niwe nani wake? Shangazi?"

"Ni karatasi tu."

"Uchungu wa kumzaa ulikuwa karatasi?"

Jirani yao, karani wa mahakama, alikuwa amekuja kuchukua kiti chake.

"Mkidanganya hivyo mtafungwa wote wawili," alisema. "Sheria ndiyo mbovu. Wiki ijayo kuna mkutano wa maoni kuhusu kifungu kipya cha katiba: mwanamume na mwanamke wana haki sawa. Katiba ndiyo sheria kuu. Kifungu kikipita, sheria inayowabagua itabidi ibadilishwe. Nendeni mkaseme."

Mjomba akaguna. "Usawa huo! Kesho wake zetu watatupanda kichwani."

"Nani ana shida na kichwa chako?" Mama alifoka. "Mimi nasemea mtoto wangu! Wewe ulichopewa bure, mimi nakililia. Halafu unanizibia njia!"

Mjomba alimtazama mpwa wake, akamvutia kiti akae.

Mkutanoni, bwana mmoja alidai kifungu hicho kitavunja ndoa. Mama alisimama, akaeleza yaliyompata. Mjomba naye akanyanyuka.

"Nilikuwa napinga," alisema. "Nikataka dada yangu awe shangazi wa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Naona aibu."

Kifungu kilipita, na baadaye sheria ya uraia ikabadilishwa. Binti sasa yuko mwaka wa kwanza chuoni. Aliomaliza nao shule wanakaribia kuhitimu.

Watu humpongeza Mama na kumwambia ashukuru.

"Nimshukuru nani?" huwajibu. "Wamemrudishia kilicho chake, tena wamechelewa."