Spika Zilizojifunza Kuita

Spika zilikohoa kabla hazijachomekwa kwenye umeme.

Redempta alikuwa amezishika mikononi, waya zikining'inia, ndani ya steshenari yake pale njia panda ya Mkiwa. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mtu mzima aliyekaa muda mrefu bila kuongea. Akageuka kuangalia mlangoni. Hakukuwa na mteja. Nje upepo ulimwaga vumbi juu ya madumu ya mafuta ya alizeti yaliyopangwa kando ya barabara. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo tulifundishwa kwamba hata majini hulala. Basi tulifundishwa vibaya.

Kabla hujamwonea huruma, ujue kwanza ni nani huyu. Redempta ndiye mwanamke aliyeogopwa na kila muuza kompyuta za mtumba mkoa mzima wa Singida. Alikuwa na kundi la wanunuzi kwenye simu, Tuambiane Ukweli, watu mia nne, na humo hakumbembeleza mtu. Flashi iliyoandikwa giga sitini na nne ikabeba nne tu, aliisema. Kipanya kilichokufa siku ya tano, alikisema na jina la aliyekiuza. Hakuwa na muda wa kuandika. Alirekodi, na watu waliiamini ile sauti kuliko risiti.

Kwa Gervas, muuza kompyuta wa mjini, ndipo alipoteleza. Kompyuta aliyoitaka ilikuwapo, na kibodi yake, na spika mbili nyeusi. Gervas alikuwa amejifunga skafu shingoni, anaongea kwa kunong'ona, akisingizia vumbi. Ila waya wa umeme wa hiyo kompyuta alikuwa ameukalia.

"Nisifie kwanza kwenye kundi lako, dada," alinong'ona. "Halafu nakupa waya."

"Nikusifie kitu ambacho sijakiwasha?"

"Basi kiache. Wateja wapo."

Mitihani ya shule tatu ilikuwa inamngoja, na mashine yake ya zamani ilikuwa imekufa. Redempta akashika simu, akarekodi. "Jamani, hii nimeijaribu mwenyewe. Nzima kabisa. Nimeipokea kwa moyo wote." Uongo mtupu, wa kwanza tangu kundi lianze. Gervas akamkabidhi waya, akasema, "Asante sana, dada," kwa sauti nzito iliyonyooka, bila mkwaruzo hata kidogo. Redempta alilisikia hilo. Lakini aibu ilikuwa imemshika, akataka tu kuondoka.

Siku ya pili ikaja harufu ya kwato za mbuzi zinazounguzwa, ikipumuliwa na feni ya kompyuta. Siku ya tatu sauti yake ikaanza kukwama. Alikunywa maji ya moto na asali ya Itigi, haikusaidia kitu. Siku ya nne, alasiri, akiwa uani anaanua nguo, akasikia mtu anaita kutoka dukani.

"Eliana! We Eliana!"

Ilikuwa sauti ya Redempta mwenyewe, nzima, ile aliyokuwa nayo wiki iliyopita.

Eliana alikuwa bintiye wa pekee, miaka saba, na alimlea kwa adabu kali. Mtoto akiitwa na mkubwa haulizi nani wala kwa nini. Anaitika kwanza, kisha anakimbia. Aliwahi kumchapa kwa kujibu "nini". Basi mtoto, aliyekuwa anacheza barazani, akaitika palepale, "Abee, mama!" Redempta alipofika dukani alimkuta amesimama mbele ya spika, na waya zake zimelala mezani, hazijachomekwa popote.

"Mama," mtoto akauliza, "umeingiaje humo?"

Spika akazitupa kwenye shimo la choo. Asubuhi zilikuwa mezani, kavu.

Na siku iliyofuata, akiwa kwenye mkeka anamsuka Eliana, mtoto amekaa katikati ya magoti yake na kichwa kimemlalia pajani, macho yake yakitazama juu moja kwa moja kwenye mdomo wa mama uliofumba, sauti ya mama huyohuyo ikatoka dukani, laini, ya kubembeleza, ikaita "Eliana, mwanangu," na yule mtoto, huku anauona ule mdomo haujasogea, huku machozi ya hofu yanamtoka, akajikuta ulimi umemtangulia.

"Abee, mama."

Redempta hakumalizia hata msuko. Alimbeba hadi Unyambwa, kwa Bibi Magdalena, mganga, aliyekuwa uani kwake anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

"Shikamoo, bibi," alikoroma.

"Marahaba. Hiyo sauti umempa nani?"

Redempta akaeleza yote kwa kunong'ona. Bibi aliposikia habari za kusifia kisichowashwa, aliweka fimbo chini.

"Hilo jini halina sauti," alisema. "Linavaa ile iliyotolewa kwa uongo. Huyo muuzaji ametumia yako kuikomboa yake. Mtoto ameitika mara ngapi?"

"Mbili."

"Akiitika ya tatu, hutakuwa naye. Asiitike tena, hata wewe ukimwita. Na wewe, masikio yaliyosikia uongo yasikie ukweli leo, kabla jua halijazama. Ukweli wote. Ukibakiza, nalo linabaki."

Walirudi Mkiwa saa kumi na moja. Redempta alipiga magoti mbele ya binti yake.

"Ukisikia nakuita, usiitike. Hata ukiniona."

"Si utanichapa, mama?"

"Sitakuchapa, mwanangu. Sitakuchapa tena kabisa."

Akamwacha barazani, akaingia dukani, akarekodi. Kwa sauti iliyobaki kama uzi alieleza harufu, kikohozi, choo, na jinsi Gervas alivyoukalia waya. Aliongea dakika sita. Ikabaki sentensi moja tu: kwamba aliisifu kabla hajaiwasha, kwamba aliwadanganya. Akawafikiria wale watu mia nne. Akamfikiria Gervas akicheka. Wangemwamini nani tena, baada ya hapo?

"Nilidanganywa, jamani," akasema, akatuma.

Koo likafunguka palepale. Harufu ikakatika. Redempta alikohoa, akajaribu kusema "mama yangu", na ikatoka ile sauti yake yote, safi, ya zamani. Akalia kwa furaha. Akacheka. Furaha ikamfanya asahau, au akadhani kwa kuwa yamekwisha hakuna tena cha kukumbuka.

"Eliana!" akaita. "Eliana, mwanangu, njoo!"

Mtoto akatokea mlangoni mbio, kama alivyofunzwa. Alikuwa anatabasamu, maana safari hii alimwona mama mwenyewe anaita, kwa mdomo wake. Midomo midogo ikafunguka kuitika. Haikutoka sauti. Akajaribu tena, akashika koo lake kwa mikono miwili, akamtazama mama yake.

Nyuma ya Redempta, mezani, spika zikakohoa.

"Abee, mama," zikasema kwa sauti ya Eliana, kwa adabu.