Simu Kwenye Sahani ya Tanami

"Mtandao hakuna," Lorna Tregenza alisema. "Narudia, hakuna kabisa."

Redio ya masafa marefu ilikwaruza. Kutoka bandari ya Darwin, kaskazini mwa Australia, sauti ya mkuu wake wa ujasusi, Quinlan, ilijibu.

"Meli inang'oa nanga saa sita, Lorna. Bede wamemfungia ndani ya kontena mojawapo. Hewa haitafika saa saba. Na bandarini kuna makontena elfu mbili."

"Namba ya kontena imo kwenye faili nililowaibia wauza silaha."

"Basi isome!"

"Siwezi. Wamelifunga kwa msimbo. Mashine zenu tu ndizo zitakazolifungua. Lazima nilitume."

Saa nne na dakika kumi.

Lorna alikanyaga mafuta. Hilux ilirukaruka juu ya barabara ya vumbi jekundu ya jangwa la Tanami. Nyuma yake kulikuwa na vumbi jingine. Lile lilikuwa la Venning, muuaji aliyekodiwa na wauza silaha. Dakika saba nyuma, labda sita.

Kompyuta alikuwa nayo. Simu alikuwa nayo, na waya wa kuviunganisha.

Mnara wa simu ndio uliokuwa mbali.

Ndipo alipoiona sahani ya chuma, pana kama meza ya watu wanane, imesimama peke yake kando ya barabara. Unaweka simu kwenye kishikio chake, sahani inaikusanyia mawimbi. Ukiigusa simu kwa mkono, mtandao unakatika.

Ilikuwa na mtu.

Bibi mmoja mzee, Elva, alikuwa amekaa kwenye blanketi na mbwa watatu, akiipigia kelele simu yake.

"Shangazi, nakuomba nafasi. Kuna mtu anakufa."

"Kila anayefika hapa ana mtu anayekufa. Juzi mmoja alitaka kuuliza bei ya ng'ombe. Foleni ni foleni."

"Rafiki yangu amefungiwa ndani ya sanduku la chuma, Shangazi. Juani."

Elva alimtazama Lorna toka juu hadi chini.

"Mwanangu, nitakupigia," aliiambia simu, akaiondoa. "Weka yako."

Lorna akaiweka, akaiunganisha na kompyuta, akaanza kulituma faili. Asilimia nne. Asilimia tisa. Kobe angelikwenda mbio kuliko faili lile.

Vumbi lilikaribia.

"Shangazi, ondoka. Anayekuja si mtu mzuri."

"Niende wapi? Hapa ni kwetu."

Bibi akaivuta kompyuta mapajani, akaifunika blanketi, akiacha upenyo wa kusoma asilimia. Mbwa wakalala juu ya waya.

Lorna alichukua mkoba wa kompyuta, akatembea hatua hamsini kulilaki gari. Mikono juu.

Venning alishuka na bastola ya Glock.

"Mkoba, mrembo."

"Njoo uuchukue."

"Sitini na saba!" Elva alipaza sauti.

"Bibi yule anahesabu nini?"

"Pointi. Wajukuu zake wana mechi."

"Pointi sitini na saba? Mpira gani huo?"

"Mpira wa huku. Wewe ni wa Sydney. Hutaelewa."

"Utupe mkoba."

Aliutupa karibu na miguu yake mwenyewe. Venning alisogea, akainama, akafungua zipu kwa mkono wa kushoto. Chupa ya maji. Nusu mkate.

"Tisini na nne!"

Macho ya Venning yaliifuata sauti hadi kwenye blanketi, yakapanda na waya hadi kwenye simu. Bastola ikayafuata.

Lorna aliruka.

Risasi ilikwenda angani. Wakabiringika vumbini. Mwanamume yule alikuwa mzito. Vidole vyake vikamkaba koo. Mbingu ikaanza kuwa nyeusi. Bede naye anakosa pumzi hivihivi, aliwaza.

"Mia moja!"

Goti la Lorna lilipanda. Venning akaguna, akalegea. Lorna akaokota Glock, akampiga nayo nyuma ya sikio.

Venning akazimia.

Alimfunga kwa kamba ya kuvutia gari. Kisha akangoja. Saa tano. Saa tano na nusu. Elva alimpa chai.

Saa sita kasoro dakika kumi, simu iliita. Lorna alinyoosha mkono.

"Usiiguse!" Elva alifoka, akakibonyeza kitufe kwa kijiti.

"Tumelifungua kontena," alisema Quinlan.

"Na Bede? Sema, bwana!"

"Anatapika, anatutukana, anaomba bia. Meli tumeizuia."

Lorna alifumba macho kwa pumzi moja tu. Akachomoa waya, akamtupa Venning nyuma ya Hilux kama gunia.

"Asante, Shangazi."

"Nenda, nenda. Unanizibia foleni."

Akapanda garini, akavaa miwani yake ya jua, akaondoka bila haraka. Nyuma yake Elva alikuwa ameshairudisha simu yake kwenye sahani.

"Ehe, mwanangu. Tulikuwa wapi?"