Mng'aro wa Kapteni Bakhit

"Gidudu ataongea saa nane mchana. Ua hilo sikio kabla."

Simu ya mkuu wake ikakatika. Odero akatema mate.

Gidudu, jasusi mwenzake, alikuwa amejificha Mbale na redio yake. Familia tatu zilizoukimbia utawala zilingoja sauti yake iwaambie njia ipi ya kuvuka mpaka Mlima Elgon haina askari. Asipoongea, wamekwisha. Akiongea, sikio litamnasa yeye.

Sikio lenyewe lilikuwa nyuma ya Land Rover, kambini Jinja: mtambo wa kusaka redio, ulioingizwa kwa magendo na Mzungu ambaye sasa alikuwa amelala chali kwa pombe kali ya waragi. Odero alikuwa fundi wa mtambo huo. Fundi wa bandia, bastola ya Beretta ndani ya soksi.

Kapteni Bakhit akaja, tumbo mbele. Jenerali alikuwa njiani kuja kukagua, na kambi nzima ilikuwa imesuguliwa hadi kufuli ya choo. Ukiacha kupora, hiyo ndiyo kazi pekee waliyoijua.

"Hii kitu nyeusi ni nini?"

Odero aliogopa, lakini alimjua mtu wake. Akaamua kusema kweli tupu.

"Moyo wa mtambo, afande. Semikondakta, tabaka jembamba juu ya tabaka. Mawimbi ya redio yanageuka mtetemo humo, kama sauti. Tabaka likikwaruzwa, mtetemo unatawanyika na kufa. Usiguswe hata kwa kidole."

"Wewe raia nafundisha mimi?" Bakhit alifoka. "Kitu ya jeshi lazima ing'ae! Sulaiman! Leta dawa ya kung'arisha vifungo!"

"Afande, nakuomba..."

"Kimya!"

Koplo Sulaiman akasugua kwa bidii zote. Odero akatazama pembeni, akiuma midomo asicheke.

Saa nane.

Jenerali alisimama mbele ya mtambo. Mshale wa kipimo chake haukutikisika, ingawa Gidudu alikuwa hewani.

"Mbona hakuna kitu?"

"Huyu fundi ameharibu, mukubwa!"

"Nilimwonya asiguse," Odero akasema. "Muulize koplo."

Sulaiman, kitambaa bado mkononi, akasimama wima. "Ndio, mukubwa. Fundi alikataza."

Jenerali akanyoosha mkono, akamvua Bakhit kofia mbele ya askari wake wote. Odero akaingia kwenye gari lake, Peugeot 504, akawasha injini bila haraka.

Jioni, Mbale, Gidudu alimfungulia mlango akiwa mzima.

"Wamevuka wote. Ulitumia bomu gani?"

"Kapteni," Odero akajibu, akaenda zake kutafuta chai.