Shangazi Langoni

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha fundi viti vya gari, gundi inanuka, cherehani imezimwa. Kigingi, mwenye mchongo wa wizi huo, alichora kwa chaki sakafuni: mlango wa nyuma wa sonara, gari la dhahabu, askari mmoja, mbwa mmoja. Gia angeshika usukani. Kigingi angeshika bastola. Afande angeshughulika na mbwa.

Afande hakuitwa hivyo kwa utani. Alikuwa askari wa mbwa kweli, mpaka siku mkubwa wake alipompiga mbwa wake, Shangazi, teke la mbavu, naye akamtandika mkubwa makofi mbele ya gwaride zima. Wakamfukuza kazi, mbwa akabaki mikononi mwa polisi. Jina la Shangazi ni Afande aliyempa, maana mbwa yule alitia pua kwenye mambo ya kila mtu. Miaka mingi hakumtia machoni, mpaka aliposikia kwamba mbwa wa langoni kwa sonara ndiye yeye. Polisi aliwachukia na hakuficha.

Mchongo aliukubali kwa sharti moja: nyama iwe na dawa ya usingizi, basi. Tena aipeleke mwenyewe, kwa sababu Shangazi hali cha mgeni, hata umtupie paja zima. Kigingi akaapa kwa mama yake, yule yule ambaye shamba lake aliliuza kwa siri.

Saa sita kasoro tano mchana. Gia aliegesha uchochoroni, injini ikinguruma. Langoni alisimama askari wa kike, na Shangazi pembeni yake, mdomo umeota mvi. Kigingi akatoa kifurushi cha nyama. Afande akakifungua. Harufu ya sumu ya panya ikampanda puani.

"Hii si dawa niliyochanganya mimi."

"Mbwa akilala ataamka," Kigingi alisema. "Nenda."

"Siendi."

Bastola ikamgusa mgongoni. Akaenda, Kigingi nyuma yake, mkono ndani ya koti.

Shangazi akainua kichwa. Mkia ukaanza. Akavuta kamba mpaka askari akayumba. Kigingi alicheka chinichini. Jamani, unamchukua mtu kwa sababu mbwa anampenda, halafu hujiulizi kama na yeye anampenda mbwa!

Afande akaidondosha nyama, akaikanyaga kwa kisigino. Kisha akaweka kiganja kifuani, ishara ya zamani ya mazoezini: nyuma yangu kuna mwenye silaha. Shangazi akachomoka, kamba ikamponyoka askari. Bastola ilipotoka kotini, mkono wa Kigingi ulikuwa tayari kwenye meno. Chuma kikaanguka chini. Gia, rafiki wa kufa na kuzikana, akakanyaga mafuta akatokomea.

Saa sita na robo. Gari la polisi, mlango wazi, Afande ana pingu mikononi. Askari wa kike akamwambia apande.

"Sipandi. Mbwa akikamata mtu, aliyemtuma humsifu pale pale. Asiposifiwa atadhani amekosea. Nimemtuma mimi. Fungua mkono mmoja."

Askari wengine walimkaripia, wakamsukuma. Hakusogea.

"Nifungeni maisha," alisema. "Huyu hamtamdhulumu mara ya pili."

Askari wa kike alimtazama Shangazi. Alikuwa amekaa mbele ya Afande, anasubiri, amri za wengine hazisikii. Akatoa ufunguo.

Afande alipiga magoti barabarani, akamkumbatia shingo, akamnong'oneza sikioni, machozi yakimtoka bila aibu. Alipomaliza akasimama, akajifunga pingu mwenyewe, akapanda.