Chapa ya Masunga

Siku Milembe alipomwagikiwa rangi ya bluu kwenye gauni lake la maua, pale sokoni Bariadi, alikuwa amejiandaa kutukana. Zilikuwa zile siku za soko huria, wanunuzi binafsi wa pamba wakigombea wakulima, na kila mwenye kibanda akitaka jina lake ukutani. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi, Nyanda, alishuka na shati lake la madoadoa, akatoa salamu ya "Mwangaluka" kwa adabu mno, tusi likamkwama mtoto wa watu kooni. Mapenzi ndivyo yalivyo, hayabishi hodi.

Nyanda alikuwa na wazimu wake mmoja. Alikuwa akibuni herufi mpya za kuandikia Kisukuma, na maumbo yake aliyaazima kwenye chapa za ng'ombe alizoziona mnadani. Jioni alimchorea Milembe mavumbini, akamfundisha moja moja.

"Kwa hiyo mimi unaniandika kama ndama?" Milembe alimtania.

"Nakuandika usije ukanipotea, mpenzi."

Basi siku ya mnada akamwandikia jina lake kwa herufi zile juu ya mlango wa kwao, kwa rangi nyekundu. Mchana ule ule, ng'ombe waliokuwa wakipita kwenda mnadani wakasimama hapo. Hawakulia, hawakula majani. Wachungaji waliwachapa mpaka mikono ikachoka, na wanyama wakabaki kuutazama ukuta.

Kwandu, mama yake Milembe, alitoka kuona kulikoni, akashika kizingiti asianguke. Herufi ya mwisho ilikuwa chapa ya marehemu mumewe, Masunga, ambaye kundi lake lote liliteketea kwa ugonjwa Milembe akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Chuma cha chapa ile walimzika nacho.

"Hii umeitoa wapi, baba?"

"Sikuitoa popote, mayu," Nyanda alijibu. "Nilikosa herufi moja. Mkono ukaichora wenyewe."

Huku kwetu mtu huitwa mchawi kwa dogo kuliko hilo. Milembe akamwambia aondoke. Nyanda akapaka chokaa juu ya jina, akapanda basi la Mwandoya. Milembe alilia mpaka macho yakavimba, maana alimpenda na alimwogopa, na hakujua kipi kimezidi.

Lakini kila chokaa waliyopaka tena ilipokauka, herufi ile moja ilirudi. Na kila siku ya mnada ng'ombe walikuja kusimama.

Siku moja Kwandu, akipepeta mchele, aliuliza taratibu, "Ng'ombe husimama kwenye mji wenye binti kwa jambo gani?"

Milembe alitazama herufi juu ya mlango.

"Baba yako alikufa zizi tupu. Anataka mahari yake, mwanangu."

Milembe akakimbia stendi, akampa kondakta wa basi la Mwandoya ujumbe: amwambie Nyanda kwamba baba amekubali, aje na ng'ombe.

Nyanda akaja na wajomba zake, amevaa suti ya kuazima. Hakuna aliyewaswaga ng'ombe. Waliingia uani wenyewe. Milembe, ndani ya kitenge kipya, akamshika mkono bila kujali wazee. Nyanda akatazama juu ya mlango. Ukuta ulikuwa mweupe pe.

"Umeifuta?"

"Sijaigusa, mpenzi wangu."

Ng'ombe wa mbele alikuwa jike jeusi, ambalo Nyanda alilinunua halijawahi kupigwa chapa. Sasa pajani lilikuwa na chapa ya Masunga, na kovu lake lilikuwa la miaka mingi. Kwandu akalipapasa, akapiga kigelegele.