Msomaji wa Chumba cha Projekta

Masanduku ya filamu zilizooza yalikwisha kuondolewa, sakafu ikapigwa deki kwa dawa, dirisha likaachwa wazi juma zima. Hata hivyo kila Dokta Rukhsana Buksh alipofungua mlango wa chumba kile asubuhi, harufu ya siki ilimpiga usoni kama mtu aliyekuwa akimngoja.

"Filamu kuukuu zikioza hunuka hivyo," alimwambia Unaisi, msaidizi wake. "Itaisha."

"Filamu ziko jalalani, Dokta. Labda ni achari yako."

"Afadhali achari yangu kuliko samaki wenu wa visiwa vya Lau."

Wakacheka. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu Unaisi alipokuwa mwanafunzi wake, na hata sasa, akiwa mhariri msaidizi na mwalimu kamili, hakuacha kumwita Dokta.

Chumba kilikuwa cha projekta, juu ya ukumbi wa zamani wa mihadhara katika chuo kimoja mjini Suva. Humo ndimo lilimozaliwa *Kioo cha Visiwa*, jarida la taaluma ya filamu na habari lililowahi kusomwa Pasifiki nzima. Humo ndimo lilimofia pia, siku mhariri wake wa kwanza alipofunga mlango katikati ya toleo, akahamia Auckland, asimweleze mtu sababu. Sasa mkuu wa kitivo alikuwa amempa Rukhsana ruhusa ya kulifufua, kwa sharti moja: toleo la kwanza likiwa dhaifu, jarida lizikwe moja kwa moja, naye arudi kusomesha mwaka wa kwanza mpaka astaafu.

Makala zikaja, nyingi zikiwa nyepesi kama karatasi zilizoandikiwa. Alasiri moja ya mvua Rukhsana alikuwa peke yake, akisoma kazi ya kijana wa Honiara juu ya redio. Alipofika kwenye sentensi fulani, nyuma yake mtu alicheka kwa pua.

Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Akairudia ile sentensi, na kweli ilikuwa ya kipuuzi, maneno makubwa yaliyofunika upungufu wa fikra. Akaifuta. Ukurasa wa pili kicheko kikaja tena, karibu zaidi, na hapo napo kilikuwa na haki.

Angekimbia siku ile, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Rukhsana alikuwa mtu aliyeogopa kushindwa kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote, na kicheko kile hakikukosea hata mara moja. Akazoea kukisubiri. Kilipocheka, alikata. Baada ya muda kikaacha kucheka, kikaanza kunong'ona kwenye sikio la kushoto kwa sauti kavu isiyokuwa ya kiume wala ya kike, na yeye akawa anayaandika maneno yake kama yalivyo na kuwapelekea waandishi. Mzee mmoja wa Apia alijibu kwamba hatashika tena kalamu maishani mwake. Rukhsana alipoisoma barua hiyo alisikia utamu ukimshuka kooni, utamu wenye ukali wa siki.

"Umekuwa mkali, dada," mkuu wa kitivo alimsifu. "Hatimaye jarida lina meno."

Unaisi peke yake ndiye hakufurahi. "Dokta, yule mzee alilia kwenye simu. Alilia, nakwambia."

"Hapa si kliniki."

Rukhsana alikuwa amekusudia kusema, masikini, nitamwandikia. Maneno mengine ndiyo yaliyotoka.

Ikaja zamu ya makala ya Unaisi mwenyewe. Aliiandika kwa miaka, juu ya marehemu baba yake, aliyezunguka visiwa vya Lau kwa mashua, na jenereta, projekta na kitambaa cheupe, akionyesha sinema kwenye vijiji ambako watu walikuja na mikeka yao na kukaa mpaka mafuta yakaisha. Ilikuwa kazi nzuri. Rukhsana aliisoma nyumbani, mbali na chumba kile, akalia, akamwambia mumewe Azmat kwamba hiyo ndiyo itakayofungua toleo.

Kesho yake bodi ya wahariri ilikutana kwenye chumba cha projekta. Watu walikunywa chai, mvua ikipiga bati. Rukhsana akafungua kinywa kuisifu makala, na harufu ikapanda kutoka sakafuni hadi puani.

"Hii si makala," alisema. "Huu ni msiba uliowekewa tanbihi."

Mtu mmoja akacheka. Unaisi akatabasamu, akidhani ni utani wao wa siku zote.

"Baba yako hakuanzisha kitu chochote, Unaisi. Alikuwa mtu mwenye jenereta. Watu walikuja kwa sababu kijijini hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, hata wewe ulijua, ndiyo maana ulimwonea haya mbele ya wenzako ulipokuja kusoma huku. Sasa amekufa, unataka sisi tukulipie deni hilo."

Hakuna aliyecheka tena. Tabasamu lilibaki usoni mwa Unaisi muda kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Ile haya hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani. Akakusanya vitu vyake, akatoka, mwavuli akauacha.

Rukhsana alitaka kumkimbilia. Miguu ilikataa. Na sikioni ile sauti ikasema, kwa upole kabisa: *Safi.*

Kuanzia siku hiyo kitu kile kikamfuata nyumbani. Azmat akipika, ulimi wa mkewe ulimchana mpaka akawa anakula jikoni peke yake amesimama. Lakini lililomvunja ni sala. Alisimama kusali magharibi kwenye msala wake, akaanza Alhamdu, na kabla hajafika nusu akasikia kicheko cha pua kando ya sikio. Akarudia, kikacheka tena. Akarudia kwa sauti ya juu, huku jasho likimtoka na siki ikimjaa kinywani, na sasa kila neno alilolitamka lilichekwa kabla halijamaliza kutoka, kila herufi, kila pumzi, mpaka hakujua tena kama maneno yale aliyoyasoma tangu utotoni aliyajua au aliyaigiza tu mbele ya watu, na Azmat alipoingia alimkuta amelala kifudifudi akiuuma msala kwa meno.

"Niite mtu, Azmat," alinong'ona. "Niite mtu kabla hakijanisikia nikisema."

Maulana Taslim, mtoa majini, alikuja kutoka Nausori baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mzee mnene, mwenye mafua. Alisimama mlangoni pa chumba cha projekta, akavuta hewa, akarudi nyuma hatua.

"Huyu ni mkubwa," alisema. "Alikuwapo kabla ya jengo. Amekaa na watu wa kuhukumu kazi za wenzao mpaka naye kajifunza ufundi."

"Atatoka?" Azmat aliuliza.

"Kwa idhini ya Mungu atatoka. Wewe, binti yangu, nisikilize. Akiona anabanwa atabembeleza. Atakuomba kitu kidogo sana, kitu cha huruma. Usimpe. Hata salamu yake usiiitikie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Maulana."

Walimkalisha chini. Maulana akaweka bakuli la maji mbele yake, akaanza kusoma. Mwanzo haikutokea kitu, mvua tu. Kisha viungo vya Rukhsana vikaanza kuuma kimoja kimoja kutoka vidoleni kwenda juu, kama mtu anayempekua kwa ndani akitafuta mahali pa kushika, na siki ikampanda kooni, machoni, chini ya kucha, na sauti ya mzee ikaenda mbali kana kwamba inatoka upande wa pili wa ukuta, na karibu, karibu kuliko mume, karibu kuliko damu yake, ile sauti kavu ikaanza kulia.

*Nina baridi. Ananitoa nje, nitakwenda wapi? Nipe mlango mmoja. Jina tu. Mtu aliye wazi tayari. Ukinipa natoka sasa hivi. Usiponipa nang'ang'ania hapa hapa kwenye mfupa.*

Na ikang'ang'ania. Maumivu yale hayana mfano wa kuyasimulia. Rukhsana alimjua mtu mmoja tu aliyekuwa wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfungua. Midomo yake ikacheza, jina likatoka. Azmat hakusikia, wala Maulana aliyekuwa amefumba macho.

Papo hapo harufu ikakatika. Chumba kikawa chumba.

Maulana akajifuta uso kwa leso. "Ametoka. Alikuomba chochote?"

"Hapana," alisema Rukhsana.

Toleo likatoka. Sifa zikaja kutoka Wellington, Honolulu na Canberra. Mkuu wa kitivo akaandaa hafla ya chai. Rukhsana alisali bila kuchekwa, akamwomba Azmat msamaha, akanenepa kidogo. Makala ya Unaisi haikuwamo, kwani mwenyewe alikuwa ameiondoa na kuacha kazi.

Jumapili moja, watu wakiwa wanatoka kanisani, Rukhsana alikwenda Nasinu, nyumbani kwa kina Unaisi. Mama yake Unaisi, Bi Mereseini, alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha mkekani. Unaisi alikuwa kwenye kona, amekonda, ameinamisha kichwa upande wa kushoto. Sakafuni palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe kilicholowa.

"Cha baba yake, cha sinema," mama alisema chini chini. "Amekikata vipande, anapigia deki. Kwaya ameacha. Aliimba nusu ya wimbo, akaziba sikio, basi. Anasema kuna mtu anamsoma. Kila akitaka kusema neno, huyo mtu keshalicheka."

Rukhsana akakitazama kile kitambaa.

"Wachungaji wameomba mpaka wamechoka. Nimesikia nawe yalikupata, ukapona kwa mzee wenu mmoja wa Nausori. Sisi ni Wamethodisti, mwanangu, lakini mtoto akifa mbele yako huulizi dini ya mganga. Niletee huyo mzee. Nakuomba. Nitapiga magoti."

Harufu ilikuwa hafifu, ikitoka pembeni. Rukhsana alifikiri jinsi Maulana atakavyokaa kwenye mkeka huu na bakuli lake, na jinsi kitu kile kitakavyobanwa na kuomba jina. Alijua jina gani Unaisi angelitaja.

Ijumaa iliyopita alikuwa amemwona Maulana Taslim mlangoni pa msikiti akinunua ndizi.

"Amehama, mama," alisema. "Yuko Brisbane kwa mwanawe. Hatarudi."

Unaisi akainua kichwa taratibu, akamtazama. Midomo yake ilifunguka, kisha akaziba sikio la kushoto.

"Basi ni mapenzi ya Mungu," Bi Mereseini alisema, akijifuta machozi. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na magimbi yaliyofungwa kwenye majani. "Hata hivyo wewe umekuja. Wenzake wote wa chuoni hakuna aliyefika. Chukua, mwanangu, ukale na mumeo."

Rukhsana akayapokea, akamshukuru, akavaa viatu vyake.