Ng'ombe Waliolowa Maji ya Lambo

Kila Jumamosi Anyesi alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala, nayo ni kuwapeleka ng'ombe wa baba yake josho, wapitishwe kwenye maji ya dawa ili kupe wafe. Alikuwa darasa la saba, binti na mtoto pekee wa Masunga wa kijiji cha Nkololo. Siku za shule alipitia kwa jirani yao, bibi Milembe, mjane ambaye hakukosa kumwekea sahani ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

Lakini josho lilikuwa mbali, jua kali, na Jumamosi ndiyo siku ya mnada. Wenzake wote walikuwa huko. Basi Anyesi akabuni ujanja. Aliwaacha ng'ombe wakila majani kando ya lambo, akaenda zake mnadani. Wakati wa kurudi aliwaingiza lamboni mpaka migongo ikalowa, akawaswaga nyumbani. Masunga aliona manyoya yamelowa, akaridhika. Hakusogea kuwanusa kama wana harufu ya dawa.

Mvua zilipoanza, ndama walipandwa na homa. Tezi za chini ya masikio zilivimba, povu likawatoka puani, wakafa mmoja baada ya mwingine. Kisha akafa dume la kulimia, na Masunga akalia mbele za watu. Bwana mifugo hakuitwa. Masunga alisema ng'ombe wake wanaogeshwa kila wiki na bado wanakufa, kwa hiyo huo si ugonjwa, kuna mkono wa mtu. Mganga mmoja akamwambia amtafute mama mzee mwenye macho mekundu.

Macho ya Milembe yalikuwa mekundu, ndiyo. Nani atapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu miaka yote hiyo kwa kukosa kuni, moshi umwache salama? Mke wa mganga mwenyewe alikuwa na macho hayohayo, ila hilo hakuna aliyelitazama.

Kisimani wanawake walimkimbia Milembe, wakahamia upande wa pili. Watoto walimrushia mawe. Anyesi hakurusha jiwe, alibadilisha njia tu, asipite tena mlangoni kwake. Mimi naona hilo nalo ni jiwe.

Wiki hiyohiyo mwalimu Justina aliwafundisha kuhusu protista. Alisema hao si mimea, si wanyama, wala si uyoga, na wengi wao wana seli moja tu. Kuna mwani wa lamboni, anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuna amiba, anayetambaa kwa miguu ya bandia. Kuna paramesia, anayeogelea kwa vinyweleo, na tripanosoma wa malale, anayejisukuma kwa mjeledi. Mwisho akawataja wale wasio na kiungo chochote cha kuwatembeza. Vimelea wa malaria wamo humo, na wa ndigana kali ya ng'ombe pia. Hao hubebwa, wa malaria na mbu, wa ndigana na kupe.

Dastan, mcheshi wa darasa, akanyoosha mkono. Akauliza wale wanaotumwa na bibi Milembe wako kundi gani. Darasa zima likacheka. Anyesi naye alicheka, ingawa alikwishajua nani aliwaua ng'ombe. Alimwogopa baba yake, akanyamaza.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumapili baada ya ibada vijana walikwenda na mapanga kwa Milembe, Masunga mbele, Anyesi akiwafuata nyuma. Walimchinja mbuzi wake wa pekee, wakabomoa ukuta wa jiko, wakaanza kung'oa bati za nyumba. Milembe aliketi chini uani, amekumbatia chungu. Hakulia. Aliangalia kila uso, na alipoufikia wa Anyesi hakuuruka.

"Baba," Anyesi alisema, akimshika mkono wenye panga. "Sikuwapeleka josho. Niliwalowesha lamboni nikaenda mnadani. Wameuawa na kupe, na kupe niliwaacha mimi."

Masunga alimsukuma akaanguka. Mtu mmoja akasema mtoto karogwa naye. Bahati nzuri mwalimu Justina, aliyesikia kelele, alikuwa ameshampigia simu Selestini, bwana mifugo. Alipofika hakubishana na mtu. Aliwataka waende zizini, akanusa mgongo wa ng'ombe mmoja, akamgeuza sikio mbele ya wote. Kupe walikuwa wamejaa humo kama mtama kwenye kibuyu. Akachukua majimaji ya tezi, akaenda kuyapima kwa hadubini. Alirudi na jibu: ndigana kali, ya kijidudu kisicho na miguu kinachobebwa na kupe. Aliwadunga sindano ng'ombe waliobaki, wakapona, isipokuwa mmoja.

Masunga hakumchapa binti yake. Kesho yake baada ya jibu la hadubini aliwakusanya vijana walewale warudishe bati, akampa Milembe mbuzi jike mwenye mimba. Masunga aliinama kuomba radhi, akanyoosha mkono. Milembe aliipokea kamba ya mbuzi, hakuupokea mkono wake.

Anyesi alikuja nyuma yao, amebeba misumari.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma kwa sauti ndogo, kama mtoto anavyomwamkia mama. "Nisamehe."

Milembe alimwangalia sana.

"Bwana mifugo kasema kijidudu kile hakina miguu," alisema. "Uongo wako nao haukuwa nayo. Ulibebwa na baba yako, akaubeba mganga, wakanifikishia hawa na mapanga. Wewe ulikuwa unatazama. Ukiwa na kweli, mwanangu, iseme ingali changa, kabla mwingine hajailipia kwa shingo yake."

Anyesi alilia. Kwenye mafiga michembe ilikuwa inachemka, na harufu yake aliijua tangu utoto. Milembe alikifunika chungu, hakumpakulia.

"Mshikie baba yako ngazi," alisema. "Na kesho uje na udongo. Ukuta wa jiko haujajengwa."